Mita Moja ya Barabara: Leseni, Meza na Haki ya Kupita

Saa kumi na mbili asubuhi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, bado unapitika. Wafagiaji wanamalizia kazi yao, marobota ya mitumba yanashushwa kwenye mikokoteni, na mtu anaweza kutembea bila kumgusa mwenzake. Kisha meza zinaanza kufunguliwa. Turubai linafungwa kamba kwenye nguzo ya umeme, viatu vinapangwa juu ya salfeti, mabeseni yanapandana. Mwenye duka naye anafungua mlango, anatoa nje sanamu tatu zilizovalishwa magauni na kuzisimamisha kando ya njia. Ikifika saa tatu, nafasi iliyobaki inatosha watu wawili kupishana kwa mabega. Mama mwenye mtoto mgongoni akiwa na haraka hushuka kwenye lami, akapishane na bodaboda.

Kila mmoja hapo ana sababu ya kuwapo. Lakini nani alimpa nani ruhusa, kwa ukubwa gani, na kwa saa ngapi?

Duka lina leseni ukutani, ila leseni hiyo ni ya biashara iliyomo ndani ya jengo. Sanamu tatu za nje hazimo. Gari lililoegeshwa kando ya mtaa wa jirani lina ruhusa: mwenyewe analipia maegesho, na mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, unaijua namba yake. Bango lililo juu ya mlango lina ruhusa pia, limelipiwa kwa ukubwa wake. Meza ya viatu haina karatasi inayosema iko pale kihalali, ingawa mwenye meza huenda ana kitambulisho cha mjasiriamali mfukoni, na huenda leo ameshatoa fedha kwa zaidi ya mtu mmoja. Gari limepimwa na bango limepimwa, lakini nafasi ya mtu anayetafuta riziki haijapimwa.

Kwa zaidi ya miaka 40 tumebishana kama machinga, mchuuzi wa mitaani, aondoke au abaki. Ubishi huo hauishi kwa sababu tunalikwepa swali linaloutangulia: kando ya barabara ina ukubwa gani, kiasi gani ni cha anayepita, na kiasi gani kinaweza kukodishwa kwa uwazi kwa anayeuza, awe wa meza au wa duka. Bila kupima, hakuna atakayepata haki: si machinga, si mwenye duka, wala si yule mama mwenye mtoto mgongoni.

Ruhusa ya leo, fukuzo la kesho

Mji wetu ulianza kwa kugawa watu. Ukoloni wa Waingereza uliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa upande wa Waafrika. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Mwafrika asiye na ajira ya kuandikwa alikuwa mgeni katika mji wa nchi yake.

Uhuru haukuifuta fikra hiyo yote. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimtaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika, na wengi walioonekana hawana walikamatwa na kurudishwa vijijini. Hata hivyo, katika kivuli cha kampeni hiyo kilizaliwa kibali kidogo chenye manufaa: leseni ya nguvukazi. Mchuuzi aliyekuwa nayo aliweza kumwonyesha askari karatasi na kusema, "Nina kazi, na kazi yangu ni hii."

Biashara zilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 akaitwa Mzee Ruksa, vijana wa kusini walijaa Dar es Salaam na bidhaa mikononi. Jina la Wamachinga, watu wa upande wa Lindi, likawa jina la kila mchuuzi wa mitaani nchini.

Mwaka 2003 mfumo wa leseni ulirekebishwa kwa nia ya kumpunguzia mzigo mfanyabiashara mdogo, na leseni ya nguvukazi ikafutwa. Nia ilikuwa njema, lakini aliyekuwa na karatasi ndogo alibaki hana karatasi yoyote. Mwaka 2006, chini ya agizo la Waziri Mkuu Edward Lowassa, halmashauri za nchi nzima zilivunja vibanda na kuwahamisha wachuuzi. Dar es Salaam ilijengewa Machinga Complex pale Karume kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, jengo la ghorofa lenye maelfu ya vizimba. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba hivyo ilibaki tupu. Jengo halikuwa bovu. Mteja wa machinga ni mtu aliye njiani, ananunua soksi akielekea kituoni. Hapandi ghorofa kutafuta soksi.

Desemba 2016, wachuuzi walipokuwa wakiondolewa katikati ya jiji la Mwanza, Rais John Magufuli aliagiza zoezi lisimame. Desemba 2018 akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 25,000 kwa kila mmoja, viuzwe kwa Sh 20,000. Meza zikasogea hadi milangoni mwa maduka na juu ya mitaro. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza wachuuzi wapangwe upya bila vurugu, na kufikia mwisho wa Oktoba mitaa mingi ya Dar es Salaam ilikuwa imesafishwa. Dodoma ikajenga soko la wazi la machinga.

Mtu anaweza kuyapenda baadhi ya maagizo hayo na kuyachukia mengine. Ila yote yalitoka juu, na hakuna lililosubiri halmashauri ikae, ipime mtaa, itunge sheria ndogo na isikilize wakazi. Hata wakati wake unajirudia: uchaguzi wa Desemba 2005 ulifuatiwa na fukuzo la 2006, uchaguzi wa 2015 na fukuzo la Mwanza la 2016, na uchaguzi wa 2020 na upangaji wa 2021. Kabla ya kura meza hukaribishwa, na baada ya kura hukumbukwa kwamba zimeziba njia. Mchuuzi aliyeishi hivyo miaka 20 hajengi, hapaki rangi wala hanunui kibanda safi. Ananunua turubai, kwa sababu turubai hukunjwa haraka.

Leseni ya mahali, kitambulisho cha mtu

Ugumu wenyewe umo katika karatasi mbili zisizokutana.

Ya kwanza ni leseni ya biashara, inayotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Inamtaka mwombaji awe na namba ya mlipa kodi na mahali pa biashara panapojulikana, na kila mahali pa biashara panahitaji leseni yake. Imeshonwa kwa ajili ya mtu mwenye fremu. Asiye na mlango wala anwani hana pa kuanzia hata akiwa tayari kulipa.

Ya pili ni kitambulisho. Cha mwaka 2018 kilimlenga mtu ambaye mauzo yake hayazidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365, ni takriban Sh 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, bado faida haijahesabiwa. Muuza viatu vya Sh 10,000 akiuza pea mbili tu ameshavuka kiwango. Kwa hiyo kitambulisho kilichokusudiwa kwa wadogo kabisa kilibebwa pia na wasiostahili, nao wadogo kabisa walikuwa na dai moja tu: waachwe wakae pale walipo.

Na hilo ndilo kitambulisho hakikuweza kuwapa. Kilisema huyu ni nani. Hakikusema meza yake ikae wapi, iwe na upana gani, ifunguliwe saa ngapi. Watu elfu moja wenye vitambulisho halali wangeweza kusimama wote katika kona ileile, kila mmoja akiwa na haki na wote kwa pamoja wakiziba njia. Mwaka 2021 walipoambiwa waondoke, kadi haikumlinda hata mmoja, kwa sababu haikuwahi kumpa mahali pa kulindwa. Vitambulisho vya kidijitali vilivyofuata, chini ya wizara inayohusika na maendeleo ya jamii, ni hatua njema kwa takwimu na kwa mikopo. Swali la mahali vimeliacha palepale.

Kuna pia suala la fedha. Sh 20,000 za kitambulisho cha 2018, kwa mwaka, zilikuwa kama Sh 55 kwa siku. Tuchukue mfano wa meza inayotozwa Sh 500 kwa siku kwa siku 300: ni Sh 150,000. Mchuuzi anayeijua kazi yake angeweza kuitoa kama angehakikishiwa kwamba kesho ataikuta nafasi yake. Wengi wanatoa zaidi ya hiyo hata sasa, isipokuwa haiingii katika hazina ya halmashauri. Inakwenda kwa anayejiita mlinzi wa eneo, kwa dalali wa kona, kwa anayetoa taarifa kwamba mgambo wanakuja. Ni kodi isiyo na risiti, na haijengi choo wala haiwashi taa.

Barabara ni ya nani?

Tuseme halmashauri imeamua kutoa kibali cha mahali. Itagundua mara moja kwamba mahali penyewe si pake peke yake.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa barabara wa taifa, TANROADS. Za wilaya na za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inalinda hifadhi ya barabara, na matumizi yoyote ndani yake yanahitaji kibali cha mamlaka ya barabara husika. Halmashauri nayo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji Na. 8 ya mwaka 1982, ina uwezo wa kutunga sheria ndogo za masoko, usafi na biashara. Ina afisa biashara, ina afisa afya, ina mgambo. Kikosi cha usalama barabarani kina lake, na ofisi ya serikali ya mtaa ina lake.

Mchuuzi haioni mipaka hiyo. Anachoona ni sare tofauti. Anayemruhusu Jumatatu siye anayemfukuza Alhamisi, na wote wawili wanaweza kuwa wanatekeleza sheria halali. Kibali cha halmashauri kwa meza iliyo kando ya Barabara ya Morogoro hakina nguvu iwapo TANROADS haikukubali.

Mgongano huo umo hata ndani ya ofisi moja. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana anaweza kukopeshwa mtaji na halmashauri, akanunua mzigo, akaupanga kando ya njia kwa sababu hana fremu, na mzigo huo ukabebwa na mgambo wa halmashauri iliyomkopesha. Deni linabaki lake.

Niliwahi kusimama kituoni nikaona gari la mgambo likipakia mabeseni ya ndizi. Hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeandika. Dada mwenye ndizi aliomba aambiwe aende kuzidai wapi, na gari likaondoka kabla hajajibiwa. Ndizi mbivu haziwezi kusubiri kesi. Mtu akikosea sheria ya barabara, gari lake likakamatwa, anapewa karatasi yenye kosa, kiasi na mahali pa kulipa. Mwenye ndizi anastahili hivyohivyo.

Mwenye duka na meza iliyo mlangoni pake

Malalamiko ya mwenye duka ni ya kweli na hayapaswi kupuuzwa. Analipa leseni na pango. Katika kodi ya pango anakata asilimia 10 ya zuio na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato, TRA. Anatakiwa kulipa ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo yake, kutoa risiti ya mashine ya EFD, na akifikia kiwango, kutoza VAT ya asilimia 18. Kisha anatoka nje akute kiatu kilekile kinauzwa hatua mbili kutoka mlangoni pake na mtu asiyelipa lolote katika hayo. Anaona kama sheria inamwadhibu kwa kutii.

Lakini mpaka kati ya duka na meza si mnene kama unavyosemwa. Machinga wengi wa Kariakoo hawana mtaji wao. Wanachukua bidhaa dukani kwa mali kauli, wanauza, wanarudisha fedha jioni na kubaki na kilichozidi. Meza iliyo mbele ya duka mara nyingi ni mkono wa duka hilohilo uliotokeza nje, tena mkono usiotoa risiti. Serikali imelalamikia jambo hili mara nyingi, na ina haki. Wapo pia wenye maduka wanaomtoza kodi anayekaa mbele yao, kana kwamba hifadhi ya barabara imo katika mkataba wao wa pango. Hapo mali ya umma inakodishwa na asiyeimiliki, na umma haupati senti.

Bado duka lenyewe. Friji la soda linatolewa nje, magunia ya mchele yanapangwa hadi ukingo wa mtaro, makochi ya Keko yanasimama hadi barabarani, vyuma vya fundi wa geti vinalazwa pale watu wanapopita. Mgambo akija anabeba beseni la ndizi; kochi analiacha, ni zito, na mwenyewe ana leseni ukutani. Kwa mtu anayesukuma kiti cha magurudumu, kochi na beseni ni kizuizi kilekile, na kochi ni kubwa zaidi. Sheria inayomwona mwenye meza tu na kumsahau mwenye duka inamchagua mnyonge ndipo imhukumu.

Pwani yetu imewahi kuwa na jibu la swali hili kabla ya halmashauri yoyote. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika mji wa kale wa Mombasa na Lamu, nyumba ina baraza: benchi la mawe lililoshikana na ukuta, nusu la mwenye nyumba, nusu la mtaa. Hapo watu hupumzika, huzungumza, hunywa kahawa, na biashara ndogo hufanyika. Njia ni nyembamba, lakini watu hupita kwa sababu baraza lina kipimo. Limejengwa kwa jiwe. Haliongezeki kila asubuhi. Kila jirani anajua linaanzia wapi na linaishia wapi, na anayepita anasalimiwa, hasukumwi.

Anayepita hana chama

Machinga wana shirikisho lao, SHIUMA. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana jumuiya yao. Wenye magari wana sauti popote wanapotaka. Asiye na chama ni anayetembea, naye ndiye mwenye njia.

Watu wengi wa miji yetu hufika waendako kwa miguu na kwa daladala, na anayepanda daladala hutembea pande zote mbili za safari. Mtoto wa shule anayeshuka kwenye lami kwa sababu njia imejaa anahatarisha maisha. Asiyeona anayetumia fimbo hupoteza mstari wa ukuta anaoufuata. Gari la zimamoto linahitaji upana wake wote. Miaka hii tumeona moto ukiteketeza Soko Kuu la Kariakoo, Julai 2021, na Soko la Karume, Januari 2022. Yeyote aliyeona masoko hayo yakiungua hawezi kusema kwamba uwazi kati ya meza na meza ni pambo la mji.

Ndiyo maana hesabu ya njia ianze na anayepita, kisha ndipo wagawane waliobaki. Uingereza, ambako mikahawa huomba halmashauri kibali cha kuweka viti nje, mwongozo unataka kwa kawaida ibaki nafasi wazi ya mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kipite. Kipimo kama hicho hakihitaji utajiri. Kinahitaji futi kamba na kopo la rangi.

Walivyofanya wengine

Nairobi ilifungua soko la Muthurwa mwaka 2008 ili kuwatoa wachuuzi katikati ya jiji. Katiba ya mwaka 2010 ikaikabidhi kaunti kazi ya masoko na leseni za biashara, kwa hiyo angalau Mkenya anajua mlango wa kubisha. Hata hivyo wachuuzi wamerudi katikati ya jiji tena na tena, na mvutano wao na askari wa kaunti, waitwao kanjo, umerithiwa na kila gavana. Kigali ilichagua ukali: ilipiga marufuku, ikatoza faini hata mnunuzi, ikajenga masoko madogo. Mitaa ni safi, na wapo kinamama ambao bado wanakimbia na mabeseni kichwani.

Singapore hutajwa sana na wanaotaka miji misafi, lakini hutajwa nusu. Serikali yake iliwahesabu na kuwaandikisha wachuuzi mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawapa leseni hukohuko mitaani, kisha ikawajengea vituo karibu na nyumba za watu na vituo vya usafiri. Kuwahamisha wote kulichukua hadi mwaka 1986. Waliandikishwa kwanza, wakahamishwa baadaye, na waliwekwa pale wateja walipo. Karume tulijenga kwanza, tukategemea watu wafuate.

India ilikwenda mbali zaidi kisheria. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kuuza kando ya njia ni haki inayoweza kuwekewa mipaka lakini si ya kufutwa tu. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya wachuuzi: wahesabiwe kabla ya kuhamishwa, kila mji uwe na kamati ambayo angalau asilimia 40 ya wajumbe wake ni wachuuzi, na theluthi moja ya hao wawe wanawake. Miji mingi imechelewa kutekeleza, na hilo nalo ni funzo: sheria nzuri bila diwani anayeifuatilia hubaki karatasi.

Somo lililonigusa zaidi linatoka Johannesburg. Oktoba 2013 jiji hilo liliwafagia maelfu ya wachuuzi. Waliokuwa wakifanya biashara kihalali walikwenda mahakamani, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliamuru warejee walipokuwa wakiuzia. Walikuwa na kitu cha kumwonyesha jaji. Kibali, kwa mchuuzi, ni ngao. Anayemtetea machinga kwa kusema asisumbuliwe na kibali chochote anamwacha uwanjani mikono mitupu.

Kibali cha mahali kiweje

Kwanza, mtaa upimwe na mistari ichorwe. Nafasi ya kupita itengwe kabla ya meza yoyote, na pale isipopatikana, pasiwe na meza wala sanamu ya duka. Mitaa mingine itaonekana haina nafasi hata moja, na mingine, kama Kongo, huenda ikafaa kufungwa kwa magari kwa saa za soko. Tukumbuke kwamba eneo la kuegesha gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5. Katika nafasi hiyo hukaa meza sita na njia ikabaki.

Pili, kila nafasi iwe na namba, na kibali kitaje jina la mtu, namba ya nafasi, ukubwa, saa na ada, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Orodha ibandikwe ofisi ya mtaa, kila mtu aisome. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, na zitakuwa chache, zigawiwe kwa kura ya wazi au kwa zamu ya asubuhi na jioni. Asiyepata ahesabiwe na apewe nafasi soko la karibu lenye njia ya watu na kituo cha daladala. Hatutamridhisha kila mmoja, lakini atajua kwa nini amekosa.

Tatu, duka linalotaka kupanga nje liombe kibali hichohicho, lilipe kwa ukubwa wa eneo, na lisivuke mstari. Anayemkodisha mwenzake nafasi ya umma apoteze kibali, awe mwenye duka, dalali au mchuuzi mwenye meza kumi kwa majina ya ndugu zake. Hatari hii ni ya kweli: kitu chenye thamani kinachogawiwa kwa bei nafuu hunyakuliwa na wenye nguvu. Dawa yake ni orodha ya wazi na ukaguzi.

Nne, TANROADS, TARURA na halmashauri zisaini makubaliano kwa kila mtaa, ili anayetoa kibali awe mmoja na anayesimamia awe mmoja. Anayekamata bidhaa aache karatasi yenye orodha, kosa, faini na mahali pa kuzidai, na vitu vinavyooza virudishwe siku hiyohiyo baada ya faini kulipwa.

Tano, kamati ya mtaa iwe na machinga, mwenye duka, mama lishe, mkazi na mtu mwenye ulemavu. Huyu wa mwisho ndiye atakayepita kwa kiti chake na kusema kama njia inapitika kweli.

Kazi hii ni ya polepole, na haina picha ya tingatinga la kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Lakini tumejaribu ukali na tumejaribu ruksa, kila kimoja zaidi ya mara moja, na mitaa imerudi pale ilipokuwa. Ambacho hatujajaribu kwa dhati ni kupima, kuandika na kuheshimu kilichoandikwa.

Kiswahili kina neno moja kwa benchi la mawe lililo mbele ya nyumba na kwa kikao cha watu wanaoamua mambo ya mji: baraza. Sheria ndogo ya barabara unayopita kila siku hupitishwa na baraza la madiwani wa halmashauri yako, na kabla haijafika kwa waziri ni lazima itangazwe ili wakazi watoe maoni. Vikao vya baraza hilo viko wazi kwa wananchi. Nenda na kipimo cha mtaa wako mkononi, na umwombe diwani wako auchore mstari.